Simu niliyompa mama mkwe imenianika

Jamani, leo simu imenisaliti.

Wiki jana nilinunua simu ya mfumo mwingine, ile ya zamani nikampa mama mkwe kule Matungu. Fundi wa hapa Kakamega aliniapia kwamba amefuta kila kitu changu.

Kumbe akaunti yangu ilibaki wazi, na ujumbe wa dada yangu ulikuwa bado unaingia kule!

Leo mama mkwe amekuja mjini, ameniletea kuku, halafu akanipa simu nisome. Dada alikuwa ameandika: “Huyo mama mkwe wako bado anakulisha ule ugali mgumu ukienda kwake?”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

“Mwanangu,” akaniambia polepole, “si ungesema tu? Ningepunguza unga.”

Nilishindwa kumtazama. Fundi naye hashiki simu.

Wewe ungemjibu nini?