Nilisaini kwamba Bunda nimefika, sasa mzee wa watu anaondoka na jina baya

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana humu kuna watu wa ofisini kwetu.

Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Musoma, fundi kompyuta wa kampuni moja ya kuhifadhi samaki. Tuna stoo za baridi Murangi na Bunda. Kila stoo ina kompyuta inayoandika kila tukio: ubaridi ukoje, mlango umefunguliwa saa ngapi, mtambo wa baridi umezimwa saa ngapi. Kumbukumbu hizo hujituma zenyewe kwenye seva yetu Musoma.

Mwezi uliopita tulihamia mtandao mwingine, anwani ya IP ya seva ikabadilika. Kazi yangu ilikuwa kwenda kila stoo, kuweka anwani mpya kwenye programu inayotuma kumbukumbu, kisha kuiwasha upya. Murangi nilikwenda. Zamu ya Bunda ikaangukia Ijumaa, na mdogo wangu alikuwa na send-off Butiama, sare zote za akina mama ninazo mimi. Nikajiambia nitapita Jumatatu. Fomu nikaisaini kabisa: "Bunda, tayari." Jumatatu nikasahau. Ndiyo, nilisahau, msinitukane sana.

Baadaye sangara wote wa Bunda wakaoza. Bosi akafungua kumbukumbu za Bunda kwenye seva, hakuna hata mstari mmoja. Akasema mtunza stoo kazima mtambo, kisha kafuta ushahidi. Mtunza stoo ni mzee wa Mugeta, ananiita mwanangu tangu nianze kazi. Kompyuta hata kuiwasha hajui, atafutaje? Nilipoulizwa, nikaonyesha fomu yangu.

Juzi nikaenda Bunda kimyakimya. Kompyuta ilikuwa bado inatuma kwenye anwani ya zamani, lakini nakala ilikuwa imejiwekea. Nikasoma: siku ile mtambo ulijizima wenyewe mara tatu kwa hitilafu. Nikafunga, nikaondoka bila kunakili chochote, kwa sababu nakala hiyo hiyo inaonyesha anwani haikubadilishwa, yaani sikufika. Nilijichukia njia nzima.

Kompyuta ile hutunza kumbukumbu za wiki mbili tu. Za siku ile zinafutika kesho jioni.

Leo mzee kanipigia. "Mwanangu, wewe ndo unajuaga haya madude. Yameandika nini?"

Nikamjibu, "Baba, hayajaandika kitu."

Kisha akasema, "Basi labda nilizima mwenyewe. Mimi huwaga sisahau, lakini uzee nao. Jumatatu nitasaini tu kwamba ni mimi, nirudi kwa ng'ombe zangu."

Nikisema, kazi sina, na hapa mjini ndiyo ninayotegemea. Nikinyamaza, mzee anasaini kosa ambalo hakulifanya, tena akiamini kalifanya. Ndugu zangu, gari la asubuhi la Bunda naweza kuliwahi. Nishaurini leo hii, kesho jioni hata ushauri hautanisaidia: nipande?