Mpishi wa Bi Ann

Ozella Tidwell alimpikia Bi Corinne, bibi wa kizungu, kule Macon, Georgia, miaka kumi na tisa, mpaka ule mwaka wa 1957. Alikuwa amemzidi Bi Corinne umri kwa miaka ishirini mizima, lakini bibi huyo alimwita "mwanangu." Ebo!

Sisi weusi wa Macon tuna dawa yetu. Mwanamke wa kizungu anayejiona kana kwamba ndiye aliyekuumba, hata akiitwa nani kanisani kwake, kwetu ni Bi Ann. Unaweza kumteta Bi Ann mbele ya Bi Ann mwenyewe, naye akaendelea kunywa chai.

Wiki ile Ozella alikuwa na jambo moja tu moyoni. Jumamosi binti yake Lavonia anahitimu unesi, wa kwanza katika ukoo, na Ozella hajapewa ruhusa ya kwenda. Akawa jikoni anamlalamikia shoga yake Vernice kwenye simu: "Bi Ann ana roho ya korosho, shoga!"

Bi Corinne akatokea mlangoni. "Ann ndiye nani?"

Ozella akakata simu haraka. "Mama mmoja hivi, Bi Corinne. Binti wa mpishi wake anahitimu Jumamosi, naye hataki kumwachia mpishi hata siku moja."

"Lo! Ukatili gani huo!" Machozi yakamlenga kwelikweli, alikuwa mwepesi wa kulia. "Mwambie huyo mpishi aende tu. Watu kama Ann ndio wanaotuharibia jina."

"Nitamwambia, bibi. Na mimi je? Lavonia wangu naye..."

"Hiyo ni tofauti, mwanangu. Nina wageni wa karata. Na wewe ni mtu wa nyumbani, utanielewa."

Ozella alimwelewa vizuri sana. Hasira ilimpanda, lakini alisema, "Ndiyo, bibi," akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi wageni wa karata walikula biskuti za dukani. Ozella, kofia ya zambarau kichwani, alikaa safu ya pili ukumbini mwa chuo, na Lavonia alipoitwa, mama yake alipiga ukelele hata mkuu wa chuo akapoteza ukurasa.

Jumatatu alikuta mlango wa nyuma wa Bi Corinne umefungwa na aproni yake imetupwa kwenye ngazi. Akakaa palepale akalia, maana miaka kumi na tisa si mchezo. Kisha akaikung'uta aproni, akaikunja, akaitia mkobani. Kitambaa chake alikinunua kwa pesa zake mwenyewe.