Mchanjaji wa kata isiyoisha

Saa moja asubuhi, Mama Sindano anafunga sanduku la barafu nyuma ya baiskeli kwa mpira, analivuta mara mbili kulijaribu, kisha anaondoka bila hata kunywa chai. Barafu haimsubiri mtu.

Ndiye mchanjaji pekee wa kata yake. Dada yake anafanya kazi hiyohiyo mjini, kwenye kata ya mitaa tisa anayoimaliza kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mama Sindano anahitaji siku mbili za kukanyaga baiskeli kufika mwisho wa kata yake.

Kata hizo mbili zina watu sawa, kama elfu nane kila moja. Ndivyo sheria inavyotaka: penye msongamano kata huwa kama kiganja, penye watu wa kuhesabika hutanuliwa mpaka idadi itimie. Miaka mitatu iliyopita kata tatu ziliunganishwa kuwa hii moja. Wachanjaji wenzake wawili wakahamishwa, zahanati mbili zikafungwa.

Kwenye mkutano wa hadhara, ofisa wa mipaka alieleza kwa upole kwamba mipaka hufuata watu. Mama Sindano akauliza, na barafu ifuate nini? Watu walicheka. Ofisa naye alicheka.

Mwaka jana barafu iliyeyuka njiani na chanjo ikaharibika. Nyingine ilichelewa wiki mbili, surua ikatangulia. Ilichukua watoto wanne wa kitongoji cha mwisho. Wa tatu alikuwa binti wa kaka yake.

"Shangazi mtu ndiye mwenye sindano," anasema, akitazama mikono yake. "Utamwambia nini mzazi? Kwamba kata ni kubwa?"

Kaka yake hakumlaumu. Hakusema naye kabisa. Mwezi uliofuata alihamia mjini na familia yake, na kaya kumi na moja zikamfuata. Idadi imepungua, na sasa tume ya mipaka inapendekeza kata itanuliwe tena.

"Tukifa inatanuka, tukihama inatanuka," anasema Mama Sindano.

Mwezi ujao tume itasikiliza maoni. Ombi lake ni moja: wakihesabu vichwa, wapime na njia. Kupitia dada yao, alimwomba kaka aje azungumze. Juzi jibu lilifika. Atakuja.

"Sijui anakuja kunitetea au kunishtaki," anasema. "Aje tu. Aseme mbele yao, na mimi nikiwepo."