Miezi mitatu ya kulala kwetu Amalemba kabla ya India

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hiki ni kisa changu mwenyewe, na sijaongeza chumvi hata punje.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilipata skolashipu ya kwenda kusoma India, miaka minne. Barua ilifika Mei, safari ni Agosti. Kwa hivyo nilikuwa na miezi mitatu ya kukaa tu nyumbani, Amalemba.

Shida moja: mzee wangu hakusema kitu.

Alisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kuangalia ng'ombe. Kaka yake, baba mkubwa, ndiye alisema, tena mbele yangu, kwamba msichana ukimpeleka ng'ambo umempoteza. Baba akanyamaza. Sasa ningesafiri vipi bila kujua kama ameniruhusu kwa moyo?

Mama akaniambia nipumzike. Wakuu, nililala! Naamka saa tatu, nakuta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Mchana nasoma magazeti ya zamani barazani. Mvua yetu ya saa tisa ikianza, narudi kulala tena. Nilinenepa mpaka sketi ikakataa kufunga.

Kazi zangu za asubuhi, kuteka maji na kukamua, nilidhani mama ndiye anazifanya.

Siku moja niliamka mapema kwenda choo. Nikamkuta baba amechuchumaa kando ya ng'ombe, ndoo katikati ya magoti. Mwalimu mkuu mzima! Mama akakiri kwamba tangu barua ije ni baba anayefanya kazi zangu, na amemkataza kuniambia. Hata kisimani alikuwa anaenda, wamama wanamchekanga, hajali.

Nilirudi kitandani nikalia. Lakini bado sikuwa nimesikia neno lake.

Wiki ya kuondoka, mama akapika ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wetu. Baba mkubwa alikuwepo. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, hata kuitazama sana ni utovu wa adabu.

Baba aliichukua, akaiweka kwenye sahani yangu. Baba mkubwa akaacha kutafuna.

"Kula," baba akasema. "Huko unaenda, mwenye boma ni wewe."

Nilikula yote, machozi yakinitoka.

Nilichojifunza: mtu asiyesema, angalia anaamka saa ngapi kwa ajili yako.

Wenye wazee wa kunyamaza, hebu leteni visa vyenu hapa. Wangu bado yuko. Nikienda nyumbani nachinja mimi, firigisi namwekea yeye.

Kila mara anaikata nusu.