Viraka Visivyo na Tundu

Loise wa cherehani, jirani yangu hapa sokoni Garsen, hushuku watu kupita kiasi. Ukimsalimia mara mbili kwa siku, atakuuliza umesikia nini. Huu mwaka wa tisa namuuzia maziwa, na mpaka leo hunusa chupa kabla ya kunilipa! Nimemzoea.

Lakini alimwamini Jotham, mwenye nyumba ya kulelea watoto yatima. Dada mkubwa wa Loise alikuwa amefariki na kumwachia binti wa miaka saba, Hope. Kabla hata ya matanga kuisha, mafuriko yakabomoa nyumba yao kule Golbanti, wakawa wanalala kambini chini ya turubai. Jotham akamwambia, "Nipe mtoto, mama, mpaka usimame." Akampa. Kisha akaambiwa asiende kumwona mara kwa mara, eti watoto husumbuka. Anayeshuku hadi maziwa yangu, hapo akakubali.

Basi mwaka huu Jotham akamletea robota la nguo. Nguo nzima, jamani, nyingine bado zina karatasi ya bei! Anataka viraka.

"Magotini na mgongoni," akasema. "Rangi tofauti, vionekane."

"Kiraka cha nini, na nguo haijatoboka?" Loise akamuuliza.

"Ni mtindo tu, mama." Akacheka. Mimi kicheko kile hakikunipendeza hata kidogo. Loise akashona, kazi ni kazi.

Wiki haikuisha, Ubah wa duka la simu akatuita tuone video. Watoto wamepangwa mstari, wamevaa viraka vya Loise, na chini kuna namba ya simu ya kutuma michango. Katikati yuko Hope, machozi tele, jina lake kamili limeandikwa.

"Sina mtu yeyote duniani," anasema.

"Hana mtu?" Loise alipiga kelele mpaka wanunuzi wa mbuzi wakageuka. "Na mimi ni nani, jini?"

Nilimsindikiza kwa afisa wa watoto, maana kwa hasira zile angempiga mtu. Jotham aliitwa, akaja na shati lake jeupe, akaapa kwamba nguo za watoto ndizo hizo, ni maskini. Loise akatoa gauni moja lenye kiraka, alilokuwa bado hajampelekea Jotham. Akafumua kiraka kwa wembe pale pale mezani. Chini yake kitambaa kilikuwa kizima.

"Nani alishona?" afisa, Bi Kaviha, akauliza.

"Mimi," Loise akasema, akaanza kulia kwa aibu.

Bi Kaviha akamgeukia Jotham. Akamwambia kwamba hata nguo zingekuwa matambara ya kweli, sheria inalinda faragha ya mtoto. Huwezi kuanika uso wake na jina lake mtandaoni ili uombee pesa. Na mtoto mwenye jamaa wa kumlea hafai kufichwa jamaa zake. Video ikaondolewa, Jotham akafunguliwa kesi, na baada ya miezi miwili mahakama ikamkabidhi Loise mtoto wake.

Nilikuwepo siku Hope alipoletwa. Furaha niliyoiona, wacha! Loise alimkumbatia hadi kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Nikatoa simu yangu niwapige picha ya ukumbusho.

Hope akaiona simu. Akaachia mkono wa Loise, akasimama wima, akakunja uso.

"Nilie sasa, mama mdogo?"