Mashine ya Gemu kwenye Ngoma ya Mwali

Mjomba alirudi kutoka Kariakoo na mashine ya gemu iliyofungwa ndani ya shuka. Ilikuwa mtumba, imeshachezewa na watoto wa nchi nyingine mpaka rangi yake ya maziwa ikageuka kuwa ya chai. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na maduka ya Kibiti yakajaa ghafla redio, saa za mkononi na viatu vya plastiki, na mjomba hakutaka kupitwa. Alikuwa anajenga banda la video Mohoro. Mashine ingekaa kwetu mpaka bati la mwisho lipigiliwe misumari, kisha ingekwenda huko vijana wakapigane ngumi za kwenye kioo.

Ilikuwa na vibonye vya herufi kama taipureta, na miongoni mwa kaseti zake za gemu ilikuwamo moja isiyokuwa na gemu. Ukiichomeka, televisheni ilionyesha rangi ya bluu tupu na kimstari kidogo kinachopepesa. Wenzangu walikitazama kimstari kile kwa dakika mbili, wakataka kaseti ya magari. Mimi nilibaki. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, na hakuna kitu kilichowahi kunisubiri namna ile.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina. Lakini ukurasa mmoja ulichorwa noti za muziki, na chini yake kulikuwa na herufi ninazozijua, C, D, E, zikifuatana na namba. Niliziandika kama zilivyo, nikabonyeza, mashine ikalia. Ilikuwa sauti nyembamba yenye makali, kama filimbi iliyochongwa kwa bati. Siku ile sikula mchana.

Wiki sita nilikaa mbele ya kioo kile. Nilijifunza kwamba herufi ni noti, namba ni urefu wake, na R ni kimya. Nilijifunza kwamba mashine ina sauti tatu zinazoweza kwenda pamoja, mbili za kuimba na moja nzito ya chini. Nikikosea, ilinijibu kwa alama ya kuuliza na herufi mbili, bila kusema kosa liko wapi, kama mwalimu wetu wa hesabu. Ubaya wake ulikuwa mmoja: haikumbuki kitu. Mjomba alikuwa na jenereta aliloliwasha mchana kugandisha barafu za dukani kwake, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Akilizima tu, wimbo wote umekufa. Kwa hiyo kila wimbo niliuandika kwenye daftari, mistari na mistari ya herufi na namba, na kila siku nikauingiza upya tangu mwanzo. Mama alilifungua daftari lile akaniuliza nimeanza lini uganga.

Wimbo ulionitesa kuliko zote ulikuwa wa kumtoa mwali, ule ambao wanawake wa kwetu wanaujua kabla hawajajua kusoma. Binti wa mama mkubwa alikuwa ndani anafundwa kabla ya kuolewa, na siku ya kumtoa nje mbele za watu ilishapangwa, Jumamosi. Banda la Mohoro nalo lilishakwisha.

"Jumatatu naichukua," mjomba alisema.

"Mjomba, iache kwanza ipige kwenye ngoma ya dada."

"Ipige nini?"

"Ngoma."

Alicheka mpaka akashika kizingiti. Alipoona mimi sicheki, akafuta machozi. "Haya. Jenereta nitalileta mwenyewe. Nikimwona mwanamke mmoja, mmoja tu, kajifunga kibwebwe kwa ajili ya hicho kidude, kinabaki kwako. Wakikaa, Jumatatu niko nacho Mohoro. Na usije ukanililia."

"Silii," nikasema.

Jumamosi baada ya adhuhuri tuliipeleka televisheni nyumbani kwa mama mkubwa kwa toroli, imelazwa juu ya godoro. Mjomba alivuta waya kutoka kwenye televisheni mpaka kwenye spika zake kubwa. Mimi niliketi juu ya kigoda, daftari mapajani, nikauingiza wimbo kwenye mashine kwa saa nzima huku wanawake wakiingia na kujipanga mikekani. Mwali alikuwa ameketi katikati, amefunikwa kanga, kichwa chini. Manju, yaani bibi anayeanzisha nyimbo na wengine wakaitikia, alikubali nipige kabla ya ngoma yake kuanza.

Nilikuwa nimeujaza wimbo ule kama gunia la korosho. Sauti ya kwanza niliipa maneno ya manju. Ya pili niliipa kiitikio cha wanawake. Ya tatu nzito ilikuwa ngoma yenyewe. Hakukuwa na upenyo wa kupitisha pumzi. Nilibonyeza, spika zikapasuka kwa sauti, kuku wakakimbia, na mimi moyo ukanijaa.

Wanawake walisikiliza vizuri sana. Walisikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, mikono mapajani, midomo imefumbwa. Wimbo ulizunguka mara tano. Hakuna aliyegusa kanga yake.

Nilipousimamisha, manju akaniita. "Hodari, mjukuu wangu. Kinaimba chenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kinajiitikia?"

"Ndiyo!"

"Na ngoma kinajipigia?"

"Ndiyo, bibi, vyote."

Akawageukia wenzake. "Basi shoga zangu, inukeni tukachambue mchele. Mwali keshatolewa."

"Na mume ataletewa wa betri!" mmoja akadakia, na mikeka yote ikalala kwa kicheko. Hata kanga ya mwali ilitikisika. Pembeni nilimwona mjomba ameanza kuzungusha waya kwenye kiwiko chake, taratibu, bila kunitazama.

Hapo adhana ya alasiri ikaita. Mjomba akainama akazima jenereta. Hakuna aliyemwambia, wala hakufikiri. Kwetu adhana ikiita kila chenye sauti kinanyamazishwa, na mkono unakwenda wenyewe. Kioo kikajikunja kikawa nukta nyeupe, nukta ikafa, na kazi yangu ya saa nzima ikafa nayo.

Niliswali safu ya nyuma kabisa. Mungu aipokee swala ile kwa huruma yake, maana rakaa ya pili yote nilikuwa nahesabu mapigo. Nilipotoa salamu nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari na penseli. Wimbo ule ungekuwa bado hai ndani ya mashine, kwa ukaidi wangu ningeurudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Lakini sasa ilinibidi kuandika kila herufi upya, na huwezi kuiandika bila kuisoma. Nilisoma kurasa nne. Sikukuta R hata moja, kimya hata kimoja.

Nilikata mstari wa sauti ya pili wote. Mahali pa kiitikio, kwenye sauti zote, nilijaza R, nikiona uchungu kila nilipoandika, kama mtu anayetoa nyama chunguni. Mwisho nilifuta amri inayoirudisha mashine mwanzo peke yake. Nani anajua wanawake wanaitikia kwa urefu gani? Ningebonyeza kwa mkono, kila mzunguko.

"Mjomba, washa."

"Si ushapiga?"

"Ngoma haijaisha. Washa, mjomba."

Akavuta kamba ya jenereta.

Wanawake walirudi wakanikuta naandika.

"Anaandika nini huyu?"

"Anamwandikia bwana barua."

"Kwa mashine yote hiyo? Na bwana mwenyewe hajui kusoma!"

Sikuinua kichwa. Nilibonyeza, nikajibiwa alama ya kuuliza na herufi mbili. Nilipitia mstari kwa mstari mpaka nikaona namba niliyoiruka. Nikabonyeza tena.

Mstari wa kwanza ukalia, mwembamba, peke yake. Kisha kimya. Jenereta tu likinguruma nyuma ya choo. Nikabonyeza mara ya pili. Mashine ikaita, ikanyamaza, mtu akakohoa. Mjomba akashika waya.

Mara ya tatu manju, aliyekuwa amenipa mgongo akitafuta tumbaku yake, aliitikia. Aliitikia chini chini, kama mtu anavyojibu hodi kabla hajauliza ni nani. Wawili nyuma yake wakadaka. Nikabonyeza, na safari hii mkeka mzima ukajibu.

Kuanzia hapo kazi ikawa nyingine kabisa. Manju akiongeza maneno mwishoni, na aliongeza, ya kumsema bwana harusi na miguu yake, nilikaa kidole juu ya kibonye nikisubiri amalize. Wakiharakisha, nilibonyeza mapema. Mpiga msondo, ile ngoma ndefu, akaingia bila kuombwa, akanisukuma nami nikamsukuma. Wiki sita nilikuwa naandika muziki. Dakika zile ndipo nilipoanza kuupiga.

Wa kwanza kusimama alikuwa mke wa mjomba. Alivua kanga ya juu, akaikunja mara mbili, akaifunga kiunoni kwa nguvu kama anayefunga mzigo, akaingia uwanjani.

"Huyu hahesabiwi!" mjomba akapiga kelele. "Huyu mke wangu!"

"Kwani mimi si mwanamke?" akajibu huku kiuno kikimpa jibu la pili, na nyuma yake walikuwa wameshasimama wengine, siwezi kusema wangapi, sikuwa na nafasi ya kugeuka.

Jumatatu mjomba alikwenda Mohoro bila mashine. Akaniachia na televisheni ndogo ya dukani, nyeusi na nyeupe. Jenereta alilichukua. Aliniahidi mashine, hakuniahidi umeme, na sikuweza kumlaumu. Nilikuwa barazani nimekipakata kidude changu kama mtoto aliyelala, manju akapita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Alhamisi tuna mwali Mkongo. Uje na hicho. Una nyimbo ngapi?"

"Mmoja, bibi."

"Mmoja! Mwali anatolewa kwa wimbo mmoja, kwani kuku? Uje nazo saba. Na usituimbie, tutaimba wenyewe."

"Nitakuja nazo saba," nikasema.

Nilingoja apinde kona. Kisha nikaingiza mashine ndani, nikavaa kandambili, nikaenda barabarani yanakosimama malori ya mbao, kumtafuta dereva wa kuniazima betri.