Mchele wa Waja Wazito

Kwa miaka ishirini na saba Bi Mwanakuu aliandika hati za mizigo katika ofisi ya wakala wa meli karibu na bandari ya Kilindini. Wakubwa watano walikuja kumfundisha kazi, na kila mmoja aliondoka akiwa ameijua. Nyumbani kwake Kibokoni alikaa peke yake tangu binti yake, Nasiha, aolewe Madhari, mji wa bandari kule kaskazini. Kisha vita vikauzingira mji huo: jeshi nchi kavu, manowari baharini.

Mwezi wa nne wa mzingiro Nasiha alipiga simu.

"Mamangu, mtoto yuwalia na maziwa hakuna. Mavyaa naye, dawa yake ya sukari yakaribia kwisha."

Mavyaa huyo ni Bimdogo, mama mkwe wake, mgonjwa wa kisukari.

Majirani wa Mji wa Kale walichanga mchele, unga, maziwa ya unga, tende, dripu, na insulini iliyopangwa ndani ya masanduku ya barafu. Nicodemus, mkubwa wa sita pale ofisini, mtu wa bara anayeishi Tudor, akatafuta meli. Ilipeperusha bendera ya nchi isiyo na hata shubiri moja ya ufuo. Kwa mujibu wa mikataba ya bahari, nchi hiyo isiyowahi kuonja maji ya chumvi ndiyo mtetezi wa meli hiyo baharini.

Maili thelathini kabla ya Madhari, manowari ikaisimamisha kwa heshima zote. Mkataba wa Geneva wa kulinda raia vitani waruhusu upekuzi. Mkataba wataka pia msaada upite upesi, ila waungwana waliouandika hawakutaka kumbana mtu kwa kutaja upesi ni siku ngapi. Afisa wa manowari akasoma kwenye hati, "Chakula cha wakaazi wa Madhari," akauliza kama askari nao si wakaazi. Nicodemus akaiandikia nchi ya bendera iitetee meli yake. Siku ya kumi na moja ikajibu kwamba barua imepokelewa.

Meli ikakaa juani siku kumi na tisa. Insulini yenyewe haikuwa na kosa, maana dawa zina ruhusa. Kosa lake lilikuwa kusafiri pamoja na mchele.

"Nimefanya yote yanayowezekana, mama," Nicodemus alisema. "Tuirudishe meli tu."

"Kusoma hujafanya," Bi Mwanakuu akamjibu.

Akauchapisha ule Mkataba wa Geneva, akaupitia kifungu baada ya kifungu, kama apitiavyo hati ya mteja asiyemwamini. Kifungu cha ishirini na tatu kikamsimamisha. Chakula kipite, kilisema, kwa watoto wa chini ya miaka kumi na tano, waja wazito, na wanawake waliojifungua. Wengine waliosahauliwa kwenye orodha hiyo, yamkini walikuwa na njia yao ya kushiba.

Akaandika hati upya. Hakuhamisha hata gunia moja. Mchele ukawa wa waja wazito, unga wa waliojifungua, tende za watoto, na vyote vipokelewe na wakunga wa Madhari. Kesho yake afisa wa manowari akapiga simu mwenyewe.

"Bibi, tani arubaini? Waja wazito wangapi hao?"

"Mmewafungia watu ndani miezi sita, bwana. Mlitaraji wafanye nini?"

Nicodemus akafunika uso kwa faili.

"Nina shaka na hati hii," afisa alisema.

"Mkataba wataka shaka iwe na sababu nzito. Niandikie sababu yako, utie na sahihi."

Afisa alikuwa shujaa wa kila kitu isipokuwa sahihi. Siku ya pili meli ikaingia Madhari, bila sindano za dripu, zilizozuiwa kwa kuwa ni chuma chenye ncha.

Nasiha akapiga simu ofisini. Mtoto ameshiba, amelala. Mumewe amekula sahani mbili za wali wa waja wazito. Bi Mwanakuu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza hali ya Bimdogo.

"Tumemzika juzi, mamangu. Na hiyo dawa imefika moto kama chai."

Bi Mwanakuu akavua miwani, akaingia msalani na kufungulia mfereji kwa nguvu. Nicodemus akasimama mlangoni, akawaambia wote waliotaka kuingia kwamba pameharibika.

Mwezi uliofuata mtaalamu wa sheria za bahari alizuru ofisi hiyo. Alipiga picha nyingi, akasema Madhari ni ushahidi kwamba mikataba hufanya kazi.

"Hufanya," Bi Mwanakuu alisema. "Hebu inuka kidogo, bwana. Umekalia hati za meli ya pili."